Hakuna Kitu

"Dada, hako kachupa ni ka kuogeshea panya?"

Foleni nzima ya bomba la sokoni iliangua kicheko. Dada wa watu, koti jeupe juu ya gauni la samawati, hakugeuka. Alisuuza kichupa, akakijaza, akakifunga.

"Napima urani," alisema. "Ni madini. Ikizidi kwenye maji ya kunywa inaharibu figo, na huioni wala huionji."

Aliyeuliza alikuwa fundi cherehani, utepe wa kupimia shingoni. "Kumbe sote wapimaji!"

Hapo dada akamtazama. Weee! Ndoo ya watu ilifurika na wala hawakuona.

Tangu siku hiyo simu hazikukoma.

"Umelala, mpenzi?"

"Nimelala. Naongea usingizini."

Dunia ikawa laini, hata honi za barabarani zikawa kama zinabembeleza.

Kisha fundi akamletea maji ya kisima cha uani kwao. Visima viwili vya majirani vilikuwa vimefungwa kwa sababu ya urani, na mama yake hali, halali. Dada mpimaji akaandika "Fundi" kwenye kichupa, ndivyo wafanyavyo maabara, chupa huitwa kwa jina la mwenyewe.

Siku ya majibu fundi alivaa shati alilojishonea, akaja hadi mlangoni pa maabara. Ndani, mfanyakazi mmoja alimuuliza mpimaji, "Na Fundi wako vipi?"

"Hakuna kitu! Nimerudia na kurudia. Hakuna kitu kabisa!"

Fundi aligeuka pale pale, akazima simu. Mwanaume mzima, alilia juu ya cherehani mpaka kitambaa cha mteja kikalowa.

Jioni mpimaji alibisha hodi kwao, amefura. "Mbona hupokei simu?"

"Si umesema kwangu hakuna kitu?"

Mpimaji akacheka hadi akashika ukuta. "Maskini mpenzi wangu! Fundi ni chupa! Kwetu 'hakuna kitu' ndiyo habari tamu kuliko zote. Mama, kisima chako ni salama. Naomba maji."

Mama akachota, machozi yakimtoka. Mpimaji akanywa bilauri nzima, taratibu, macho kwa fundi.

"Na mimi na wewe?" fundi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Sisi kuna kitu. Kingi mno, mashine yangu haikiwezi."

Fundi akavua utepe shingoni. "Basi simama nikupime."

"Unipime nini?"

"Gauni la harusi."

"Mpime vizuri, mwanangu," mama alisema. "Hilo halina kurudia."

Mpimaji akasimama wima, akanyoosha mikono.