Hamdi na Chupa Mbili za Dawa

Kila jioni Batula alikamua ng'ombe huku binti yake Hamdi akimsomea kitabu cha darasa la nne. Sauti ya mtoto haikukwama hata mara moja. Batula hakuwahi kuingia darasani, na alijivuna wazi mbele ya majirani zake, wafugaji wa nje ya Garsen.

"Mwanangu ana kichwa," alisema. "Ng'ombe wetu wote anawajua, na mama zao, na nyanya zao. Kitabu kitamshindaje?"

Hapo ndipo alipokosea. Kukumbuka ni kitu kimoja, kusoma ni kingine kabisa.

Mwezi huo ndama walikonda kwa minyoo. Dukicha, mumewe, alikuwa mbali malishoni. Nyumbani kulikuwa na chupa mbili: dawa ya minyoo ya kunywesha, na dawa ya kupe ya kuogesha.

"Ya kunywesha ni ipi?" Batula aliuliza.

Hamdi alizitazama. Akanyoosha kidole. "Hii."

Batula akawanywesha ndama wanne. Kufikia adhuhuri wote walikuwa chini, wakitokwa na povu: ilikuwa dawa ya kupe. Hakupona hata mmoja.

"Mama, sijui kusoma," Hamdi alisema akilia. "Niliona haya."

"Na kitabu unachonisomea?"

"Darasani tunasoma wote kwa pamoja. Nimekishika kwa masikio."

Dukicha aliporudi hakugomba, na hilo lilimtisha Batula zaidi. "Shule imekwisha," alisema. "Atachunga mbuzi."

Batula alikwenda shuleni akiwa na hasira. Mwalimu wa Kiswahili aliitwa Mwanaarusi, mwanamke wa kijiji cha Kau.

"Miaka minne umemfundisha nini mwanangu?"

Mwalimu aliinamisha macho. "Mama Hamdi, nina watoto sabini. Wakisoma pamoja, asiyejua anajificha ndani ya sauti za wenzake. Nilipaswa kumsikiliza mmoja mmoja. Kosa ni langu."

"Mimi nisiyesoma ningejuaje?"

"Usimwache aanze mwanzo. Ziba ukurasa, acha neno moja la katikati. Akibabaika, hajui. Sasa mlete kila siku baada ya masomo. Atasema maneno yake mwenyewe, mimi nitaandika, yeye atayasoma."

Dukicha alikubali shingo upande. Muhula mmoja, basi.

Walianza na majina ya ng'ombe. Hamdi alikwama, akalia, akarudia. Nyumbani Batula alikaa kando yake, akiziba ukurasa kwa kiganja.

Muhula ulipoisha, Dukicha alimwita binti yake mbele ya mwalimu. "Soma."

Hamdi alifungua daftari aliloandika mwenyewe. Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno.

"Ndama walikuwa wanne. Niliona haya kusema sijui. Wakafa."

Dukicha aliziba ukurasa, akaacha neno moja. "Hili?"

"Haya," Hamdi alisoma.

Baba akamtazama mwalimu. Mwalimu akaitikia kwa kichwa.

"Ndama siwapati tena," Dukicha alisema, akimrudishia daftari. "Wewe utabaki shuleni."