Furu ya Hélène

— Ulifungula furu.

— Sikufungula.

— Hélène, ulifungula furu haijapoa. Angaria hii kitu.

— Niliangaria. Ilipasuka. Bintu byako binapasukaka, haiko leo ya kwanza.

Hakim akatupa kile kipande nyeusi pa meza, katikati ya unga. Ilikuwa kifuniko ya eshapema, ile inakaaka ku mwisho ya bomba fasi moshi inatokea, ile benye motokari ya mbio banapenda ing'are. Chuma iko nzito, plastiki inayeyuka, njo maana Hakim anaitengenezaka na nguo ya karboni na gundi ya rezini, anapanga moja juu ya ingine, kisha anapika. Hii ilipasuka katikati sawa mukate ya juzi.

Hélène alifunga kikwembe ya kijani mu kiuno, unga ilimufika mpaka ku kope. Muzuri ata mu hasira. Hakim aliona ile, na ikamuuma zaidi.

Balijuana mu soko ya Kikula, mwaka jana. Hakim alikuwa anazunguka Likasi yote kutafuta furu ya kulomba, fasi ya kupikia karboni yake, akamugonga Hélène na kitunga yake ya mikate. Mikate ikaanguka mu matope.

— Weye hauna macho?

— Niko nayo. Ilikuwa inaangaria mikate.

— Basi okota.

— Nitaokota. Lakini niambie kwanza, hii unapikiaka wapi?

Hélène alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu pale, kila dimanche, wakati ya misa, furu yake ya matofali ilikuwa ya Hakim. Kesho yake Hélène anachoma kuni bure mpaka harufu ya rezini inaisha, kisha anarudilia mikate. Ata simu ya Hakim alikuwa anapokea vile: «Allô, fundi yangu ya moshi.»

Kazi ya Hakim iko na sheria moja. Bintu bikisha kuiva, furu haifungulake. Bipoe pole pole ndani, mpaka mulango inakuwa baridi ku mukono. Ukifungula haijapoa, hewa inaingia, bintu binapasuka kwa ndani, na inje hauone kitu. Njo maana anagongaka kila kipande na ufunguo. Yenye iko nzima inalia. Yenye imekufa inanyamaza.

Jana, ku njia ya Kapolowe, mwenye motokari yenye ilivaa hii kifuniko alikanyaga mafuta kabisa. Kifuniko ikapasuka, moto ikalamba pare-choc ya nyuma ya motokari. Hakuna mutu aliumia.

— Ile dimanche hii kitu ilikuwa mu furu, ulikuwa wapi? Hélène akauliza.

— Unajua. Lubumbashi, kupima motokari ya Laure.

— Ah, Laure. Njo jina yake. Nilikuita, mwanamuke akapokea simu yako. Akaniuliza: weye njo nani?

— Nilikuwa chini ya motokari, chérie. Simu ilibakia ku kiti. Laure njo mwenye motokari, ile yenye ilishika moto jana.

— Miye ningejua namna gani?

— Ungeniuliza.

— Mama Émérence alikufa ile shiku, hapa ngambo ya njia. Bantu ya kilio bakakuya kulomba mikate. Mukate ya kilio unaweza kukatala, weye? Mu hii avenue? Nilikuita nikuulize, nikasikia sauti ya mwanamuke. Nikakata. Nikatosha bintu byako inje na hasira, nikapika mikate, kisha nikabirudisha ndani na kufunga.

— Na kesho yake, lundi, nikakuuliza kama biliiva muzuri.

— Nikasema biliiva muzuri.

Hakim akakaa juu ya mufuko ya unga. Hélène akashika kile kipande, akakigonga na kucha. Haikulia.

— Lakini weye unagongaka kila kipande, akasema. Hii haukugonga?

— Hapana.

— Juu ya nini?

— Ilitoka ku mikono yako.

Hélène akapanguza macho na mukono, unga ikabakia ku shavu.

— Unisamehe, Hakim.

— Nilishasamehe. Sikiliza. Laure anasema nifanyie kazi ku atelier yake, fasi ya kutengeneza motokari, kule Lubumbashi. Iko na furu ya gaz. Ananipatia nafasi moja tena, moja tu, na lazima niende kesho. Tuende bote. Nitakuya ku mama yako leo na bajomba, tufanye bintu mu sheria. Kule utakuwa bibi yangu, tutatumika pamoja.

Ile neno, Hélène aliingojea mwaka muzima. Aliipokea kichwa chini.

— Na kipande yenye nitakupatia na huu mukono yangu, akauliza, utaigonga?

Hakim akaangaria karboni yake mu unga. Kudanganya ilikuwa mwepesi. Neno moja, na huyu mwanamuke angefunga mizigo yake mbele jua haijazama. Alitafuta ile neno. Kinywa ikamukatalia.

— Nitaigonga, akasema.

— Aksanti kwa kuniambia kweli.

— Hélène.

— Weye uende. Kilio ya mama Émérence haijaisha. Banangojea mikate.

Akapandisha sinia ku bega, akamugeuzia mugongo, akaenda ku furu.