Mikono ya Mzugaji

Jua lilikuwa limeshachoka na vumbi la mtaa wa Bulla Pesa linatua polepole juu ya mabati, Kaari alipochukua chupa tupu na kutoka kwenda kununua maziwa ya ngamia. Safari yenyewe haikuwa safari. Ni hatua ishirini, kutoka chumba alichokaa na shangazi yake Gatwiri hadi chumba cha Gababo, upande wa pili wa ploti, ukiinama chini ya kamba za nguo. Kila jioni alikwenda. Lakini jioni hiyo, tusidanganyane, maziwa yalikuwa kisingizio.

Alitaka kuiona simu ya Gababo.

Kaari alikuwa na miaka ishirini na sita, na katika maisha yake yote hakuwahi kuwa wa kwanza katika jambo lolote ila moja. Kulikuwa na gemu la simu ambalo nusu ya vijana wa Isiolo walilicheza, watano kwa watano, kila mtu na kazi yake. Kuna anayepigana mbele, kuna anayetibu, kuna mpiga mishale. Na kuna mzugaji. Mzugaji hana misuli. Kazi yake ni kuchezea macho ya adui: hutoa vivuli vinavyofanana naye, adui akishughulika kupiga kivuli, mwenyewe yuko nyuma yake. Kwa miaka miwili, mzugaji wa timu ya mji alikuwa Kaari. Watu wasiojua hata jina la baba yake walimsalimia barabarani kwa sababu hiyo.

Halafu akamfundisha Gababo kucheza. Yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, wakiwa wameketi kwenye ndoo zilizopinduliwa wakisubiri maji.

Sasa kijicho kilimkaba. Timu ilikuwa inakwenda Nairobi kwa mashindano, na nafasi ya mzugaji ni moja. Ebei, nahodha wao, fundi wa simu asiyependa maneno mengi, alikuwa ameamua: kesho jioni wanawake hao wawili wapambane dukani kwake, atakayeshinda ndiye aende. Kaari alikuwa hajala akashiba kwa siku tatu.

"Hodi. Habari ya jioni?"

"Mzuri, Kaari. Karibu ndani, si ukae."

Chumba kilinuka moshi, ule moshi mzito ambao Waborana hufukizia vibuyu vya maziwa. Mtoto wa Gababo, Abdighani, miezi saba, alikuwa mkekani akitafuna kidole. Kwenye paji lake palipakwa wanja. Doa jeusi, baya, limekaa upande.

"Kwani mtoto amejichafua?"

"Hapana. Hiyo ni ya macho," Gababo alisema. "Mtu akimwangalia, aanze na doa. Uzuri auone baadaye."

Kaari alicheka. Gababo hakucheka. Alijaza chupa ya maziwa, akafuta mikono, kisha akafanya jambo ambalo Kaari hakulitarajia kabisa. Akamnyooshea simu.

"Najua umekuja kuona. Angalia tu. Mimi sina siri na wewe."

Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Angeificha, Kaari angemchukia kwa raha.

Aliangalia. Yeye Kaari hubeba mapanga mawili, na alama zake zote amezitia kwenye kuua haraka. Ndivyo wafanyavyo wazugaji wanaojiheshimu. Gababo alibeba fimbo ya moshi, silaha ambayo wengine huitupa siku wanayoipata. Haina makali. Na alama zake zote, kila moja, alizitia kwenye vivuli. Vivuli saba! Hakujiachia hata ngao. Kaari alitamani kumcheka, lakini Gababo alikuwa ameketi tayari kumwonyesha anavyocheza, na kicheko hakikutoka.

Maana aliviona vidole.

Vilikwenda juu ya kioo cha simu bila haraka na bila kukosea. Kivuli kimoja kilikimbia, kingine kikaogopa, kingine kikajifanya kimejeruhiwa, kila kimoja na tabia yake. Mtu mmoja akiendesha watu wanane. Kaari alikodoa macho. Hakujua amekodoa kwa muda gani. Roho ilimuuma mpaka akausikia uchungu kwenye meno.

"Una mikono mizuri," alisema. Sauti ilitoka kavu.

Vidole vikasimama.

"Sema mashallah, Kaari."

"Mimi ni mtu wa kanisa, wewe."

"Sema tu." Gababo alinong'ona, akamvuta mtoto karibu na goti lake. "Tafadhali."

Adhana ya magharibi ilikuwa inaanza. Kaari alichukua chupa yake, akashukuru, akatoka. Hakusema.

Anti Gatwiri alimimina maziwa kwenye sufuria. Yakatoka mabonge. Harufu ikajaa chumba, chachu, kali, kama kidonda kilichofungwa muda mrefu.

"Hii maziwa ni ya lini?"

"Imeletwa leo kutoka Kulamawe. Nimeona akijaza saa hii, Anti."

Anti Gatwiri aliitazama sufuria. Kisha akamtazama Kaari. Hakuuliza kuhusu maziwa tena.

"Umeangalia nini huko?"

Swali lile lilimtia Kaari baridi, na hakujua kwa nini.

"Nimeuliza umeangalia nini. Na ulitema mate?"

Utotoni, kule milimani Meru, nyanya yake, aliyemwita Shosho, alikuwa na desturi ya kumshika kidevu. Wakipita zizi la jirani, wakikuta ndama mchanga: tema mate kwanza, ndiyo uangalie. Kwa mtoto mchanga vilevile. Hata shamba la maharagwe likichanua. Kaari alidhani watoto wote huambiwa hivyo, kama wanavyoambiwa wanawe mikono.

"Sio watoto wote," Anti alisema polepole. "Ni wewe. Shosho alijua. Mama yako alijua. Kuna watu jicho lao likipenda kitu, hicho kitu hakikai."

"Anti, hayo ni maneno ya kale."

"Haya. Sasa jiulize mbona miraa nakupatia ikiwa imefungwa kwa majani ya ndizi tayari."

Miaka minne Kaari alikuwa akinung'unika moyoni kwamba shangazi hamruhusu kuchambua miraa ya kuuza, kwamba hamwamini.

"Nakuamini," Anti alisema, kana kwamba amesikia. "Macho yako ndiyo siamini. Kesho usiende kwa Ebei."

"Nitaenda."

"Kaari..."

"Nitaenda, Anti."

Aliogopa, tusimsingizie. Alikaa kitandani akiwa amefumba macho, akiogopa hata kuutazama mto. Lakini chini ya woga kulikuwa na kitu kingine chenye joto, na alikijua. Ni ile raha ya kuwa na kitu ambacho mwenzako hana. Mzugaji huchagua silaha kabla ya pambano, na akishachagua hawezi kubadilisha. Kaari aliwaza mapanga yake mawili. Akawaza vivuli saba. Akayaweka mapanga kando.

Akachagua.

Kesho yake, jua likielekea kuzama, waliketi kwenye benchi dukani kwa Ebei. Duka lilikuwa jembamba, magoti yao yakikaribia kugusa ukuta wa mabati ulio mbele yao. Kaari alikaa kulia, Gababo kushoto, mtoto akiwa mgongoni. Ebei alisimama nyuma yao, mlangoni, mikono imekunjwa. Hakuna mwingine.

"Raundi tatu," Ebei alisema. "Anza."

Ya kwanza Kaari alishindwa vibaya. Alipiga kivuli, akapiga kivuli, akapiga kivuli, na moshi ulipotulia alikuwa chini.

Raundi ya pili aliinua macho kutoka kwenye simu yake.

Akavitazama vidole vya Gababo.

Alivitazama tu, kwa moyo wake wote, kama mtu mwenye njaa anavyotazama sahani ya mwenzake. Mizuri. Mikono mizuri. Kwa nini iwe yake? Kwa nini isiwe yangu?

Harufu ikaja. Chachu. Kali.

Kidole gumba cha Gababo kilichelewa kidogo. Kikachelewa tena. Kwenye simu, kivuli kimoja kilisimama katikati ya uwanja, hakijui kiende wapi. Kaari akatafuta mwenye mwili, akampata, akamchinja.

Raundi ya tatu vivuli vilisimama kimoja baada ya kingine. Cha saba kiliposimama mtoto alianza kulia, kilio chembamba, kirefu, kisicho na pumzi. Simu ya Gababo ikateleza ikaanguka mapajani.

"Nini?" Ebei aliuliza.

"Vidole..." Gababo alinong'ona. "Siviskii."

Alimgeukia Kaari. Kaari alikuwa amejitayarisha kwa matusi, kwa machozi, kwa kelele. Hakupata hata kimoja. Gababo alimtazama kwa huruma.

"Nafasi ni yako," alisema. Akaisukuma simu kwenye kikapu chake kwa kiwiko, akaondoka na mtoto wake akilia.

Ebei aliandika jina la Kaari. Hakumpa mkono.

Kaari alirudi nyumbani akiwa mwepesi. Alifurahi, na alikuwa na haki gani ya kufurahi, lakini alifurahi. Anti alikuwa bado sokoni. Aliketi kitandani, mlango wazi, mwanga wa mwisho ukiingia. Simu ikalia. Ujumbe kutoka kwa namba ya Gababo. Hakukuwa na neno hata moja.

Video tu.

Mikono minne, simu mbili. Lilikuwa pambano lao, mtu amelirekodi kwa mbele, picha yenyewe ina giza, mikono peke yake ndiyo inayoonekana. Kaari alikuwa amekaa kulia. Basi mikono ya kulia ni yake, ya kushoto ni ya Gababo.

Na ile ya kushoto ilikuwa mizuri! Ilikimbia juu ya kioo cha simu kwa ukali na uhakika, haikosi, haisiti. Ile ya kulia ilijikokota karibu nayo, mizito, imekakamaa, mpaka Kaari akaionea haya. Hata leo, aliwaza. Hata siku niliyomshinda, bado ni mzuri kuliko mimi. Furaha yote ikamtoka. Kijicho kikarudi, kikubwa kuliko cha jana.

Video ikaisha. Akaianzisha tena. Ikaisha tena. Alikuwa ameisogeza simu karibu na uso, ameyatoa macho, akiitazama mikono ya kushoto kwa chuki na kwa tamaa, na hakutema mate, na hakutaka kutema. Ikauke, alisema moyoni. Ikauke yote.

Mara ya nne, picha ilianza kupanda.

Polepole. Kutoka kwenye ile mikono ya kushoto... viwiko... kifua... shingo...

Uso wake mwenyewe.

Bila shaka. Imerekodiwa kwa mbele. Ukimtazama mtu kwa mbele, kulia kwake ni kushoto kwako. Mikono mizuri ilikuwa yake tangu mwanzo, naye, maisha yake yote, hakuwahi kuitazama.

Lakini mbele yao palikuwa na ukuta wa mabati. Ebei alikuwa nyuma. Mtu wa kurekodi angesimama wapi?

Ganzi ilianza kwenye kidole gumba cha kulia. Ikahamia cha pili. Alijaribu kukunja ngumi na vidole vikamtazama tu, kama vya mtu mwingine. Simu ikamponyoka, ikaanguka kitandani, na hapo hapo ikaanza kulia. Jina la Ebei. Kaari aliisukuma kwa kiganja, haikupokeleka. Ikakatika. Ikalia tena.

Hivyo ndivyo Anti Gatwiri alivyomkuta. Alivitazama vile vidole. Aliweka kikapu chini, akaiokota simu, akaipokea.

"Mwambie Kaari gari inatoka saa kumi na mbili asubuhi," sauti ya Ebei ilisema.

"Kaari hataweza. Mikono imekataa."

"Ajabu," Ebei alisema. "Gababo amenipigia sasa hivi. Anasema yake imerudi, mizima kabisa. Basi nitamwandika yeye."

"Muulize nani alirekodi!" Kaari alipiga kelele. "Anti, muulize!"

"Kurekodi nini?" Ebei aliuliza. "Hakuna mtu alirekodi."

Anti Gatwiri alimtakia jioni njema, akakata simu kwa kidole gumba. Kilikuwa kidole cha mwanamke wa miaka hamsini, kimepasuka kwa kufunga miraa tangu ujana, kucha imekatika upande. Kilijikunja. Kikajinyoosha. Kirahisi tu, bila yeye hata kufikiri.

Kaari alikuwa anakitazama.

Anti aliona. Alirudi nyuma hatua moja, akaichomeka mikono yake yote miwili chini ya leso.