Maji Yaliyorushwa Bila Bismillah

Maziwa yalikuwa yametoka kwenye friji dakika ile ile, lakini Rayhana aliyasukuma mbali.

"Maman, yananiunguza ulimi," alisema. Alikuwa na miaka mitano.

Warda, mama yake, aliyaonja. Yalikuwa baridi. Akarudi kwenye chai yake, aliyoimimina sasa hivi kutoka kwenye birika lililokuwa bado linafuka mvuke, akapiga funda kubwa. Nayo ilikuwa baridi, baridi ya kuumiza meno. Akalaumu birika. Ganshoren, huko ughaibuni, ni mtaa mtulivu wa watu wanaofagia mbele ya milango yao, na mtu akishaishi huko miaka sita hulaumu birika kwanza. Jini hamfikirii kabisa.

Ilikuwa siku ya tatu tangu arudi kutoka Lapland, kaskazini kabisa mwa Finland, alikokwenda na rafiki zake wawili, Aïcha na Mignonne, kusahau kwa wiki moja kazi ya kuogesha wazee. Siku ya mwisho, katika mchana usio na jua, walitaka kufanya ule mchezo wa watalii: unachukua maji yanayochemka, unayarusha hewani, na baridi inayageuza wingu jeupe kabla hayajafika chini. Mignonne alishika simu kurekodi. Aïcha, aliyekulia pamoja na Warda kule Buyenzi, Bujumbura, alimgusa bega.

"Warda, sema bismillah kwanza. Unajua vile bibi alikuwa anatuambia."

Kwao hakuna anayemwaga maji ya moto nje bila kulitaja jina la Mungu, ili wasioonekana wapate kuwaondoa watoto wao. Warda alilijua hilo tangu akiwa na umri wa Rayhana.

"Hapa? Moins trente?" alisema, maana baridi ilikuwa nyuzi thelathini chini ya sifuri. "Hata majini yamekufa na baridi."

Akarusha. Wingu likapanda, zuri kweli kweli, na nyuma yake kikasikika kilio chembamba, kirefu, cha kitu kidogo chenye maumivu. Mignonne akasema ni mbweha. Wote watatu wakacheka, na kicheko hicho kipo kwenye video mpaka leo. Kumwaga, mtu angeweza kuwasamehe. Kucheka, mimi nisingewasamehe.

Sasa mambo yakazidi pale Ganshoren. Warda alioga maji yaliyofuka mvuke hadi kioo kikapotea, yakamwangukia kama barafu, akafungulia ya moto zaidi na zaidi. Jioni ile mabega ya Rayhana yakawa mekundu, na daktari akashauri wabadilishe sabuni. Jikoni kukaanza kunuka nywele zilizoungua. Na mchana, Warda akiwa peke yake, alisikia nyuma ya jiko sauti ya mwanamke akibembeleza mtoto, wimbo wa chini chini usio na maneno, ambao ulikatika kila aliposogea, ukaanza tena aliposimama, na kila ulipoanza ulikuwa umekaribia zaidi chumba cha Rayhana.

Jumapili Aïcha akamleta Maalim Burhani, mzee wa Buyenzi anayeuza tende kwenye soko la kituo cha treni cha Gare du Midi na kuwasomea dua wanaosumbuliwa na majini. Ilikuwa saa nane mchana. Walimlaza Rayhana chumbani, wakafunga mlango. Maalim aliitazama video mara moja tu, akaigeuza simu kifudifudi mezani.

"Yule hakuwa mbweha," alisema polepole.

Akaanza kumsomea Warda aya. Alipozirudia mara ya tatu, taya la Warda likakakamaa, na kinywani mwake ikatoka sauti isiyo yake, yeye mwenyewe akiisikia.

"Mutoto wangu alikuwa amelala mu theluji. Alikuwa na siku saba. Huyu akacheka."

"Hakujua," Maalim alisema. "Tunakuomba msamaha."

"Walimwambia. Akacheka."

Maalim alifuta jasho. "Bon. Unataka nini ndio utoke mu hii nyumba?"

"Ule mukono wenye ulirusha. Aumwagie maji ya kuchemka, yeye mwenyewe. Nitaenda, sitarudi. Naapa."

Taya likalegea. Warda alikuwa analia. "Na mutoto wangu? Utamugusa?"

Sauti ikarudi mara moja tu. "Mimi sitamugusa."

Moyo wa Warda ukatulia kwa mara ya kwanza tangu arudi. Mkono mmoja kwa ajili ya Rayhana. Hata angedaiwa yote miwili, angetoa.

"Ngoja kwanza," Aïcha alinong'ona. "Maalim amuulize tena. Warda, ngoja."

Hakungoja. Birika lilipochemka akasema bismillah, safari hii kwa sauti, akaunyoosha mkono wa kulia juu ya sinki na kumimina kwa wa kushoto. Baridi. Maji yalitiririka kutoka kwenye kiwiko hadi vidoleni yakifuka, naye hakusikia ila baridi tu, akajua kwamba Mungu amemhurumia, akaendelea kumimina huku akishukuru, mpaka tone la mwisho.

Ndipo chumbani, nyuma ya mlango uliofungwa, kikapanda kilio chembamba, kirefu. Kilikuwa kilio kile kile cha kwenye video.

Aïcha na Maalim wakakimbia. Harufu ya nywele ilikuwa imetoweka jikoni. Jini alikuwa ameondoka, kama alivyoapa, bila kumgusa mtoto. Warda aliyakumbuka yale maziwa baridi yaliyomuunguza Rayhana, huku chai yake mwenyewe ya moto ikiwa baridi. Alibaki amesimama na birika tupu, akiutazama mkono wake, ambao haukuwa hata na wekundu.