Marahaba ya Hewani

Redio ilikuwa na joto. Mwalimu Devota aliligundua hilo alipoitoa kwenye mkoba wake wa ngozi na kuiweka juu ya meza, sebuleni kwake Lizaboni. Betri ilikuwa bado haijachomekwa, iko pembeni imefungwa kwenye gazeti. Nje ulikuwa mwezi wa saba wa Songea, ukungu umeshuka kutoka milima ya Matogoro na watu wanashinda na masweta mwilini. Aliishika tena. Lilikuwa joto la kitu kilichotoka kwapani mwa mtu.

"Itakuwa ilikaa juani," alijiambia, ingawa jua lenyewe halikuwa limeonekana tangu Jumapili.

Tuseme ukweli, alikuwa ameonywa. Devota alifundisha fizikia sekondari, na mwaka ule alikuwa amefaulu mtihani wa redio za ridhaa, zile za kuongea na wenzako hewani kwa kujifurahisha, akapewa jina lake la hewani, yaani zile herufi na namba ambazo kila mwenye redio hujitambulisha nazo kabla hajasema lolote. Kilichobaki ilikuwa redio ya mkononi, na mfuko wa mwalimu mnaujua. Aliyemfundisha mambo hayo, mzee Abdulhamid, Myao wa Tunduru aliyezeekea kwenye redio za upepo za wajenzi wa barabara, hakumficha kitu.

"Ya kwanza nunua mpya, hata kama ni ya Kichina ya bei ya chini," alimwambia. "Usihangaike na nguvu. Tafuta inayosikia vizuri, betri idumu, na vitufe uweze kuvibonyeza bila kuvitazama. Iliyotumika sikukatazi, mwalimu, lakini kwanza ujue ilikuwa inaongea na nani."

Devota alicheka. Alidhani mzee anatania.

Dukani kwa Majaliwa ilikuwepo hiyo mpya, nyepesi kama kisanduku cha sabuni. Aliigeuzageuza, akairudisha, akasema atapita tena. Halafu sokoni akakutana na Muhsini wa Nakapanya, mchuuzi wa korosho na mitumba, ana redio ya Kijapani, nzito, ya chuma, na bei yake ilikuwa chini ya ile ya Majaliwa. Chini! Alipouliza mwenyewe yuko wapi, Muhsini aliinamia korosho zake.

"Haihitaji tena, mama. Wewe chukua tu."

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, lakini nani huwakumbuka wahenga akiwa ameshika kitu kizuri mkononi? Otto, mumewe, dereva wa lori, alimtania kwamba kelele za darasani hazimtoshi mpaka anunue nyingine. Kisha akaondoka na shehena ya mahindi kwenda Makambako, nyumbani wakabaki Devota na binti yao Getruda, mtoto wa miaka mitano, mwenye adabu hadi majirani wakawa wanamwazima kwa kumtuma dukani.

Alasiri ile aliyoikuta redio ina joto, Devota alifunga antena, akachomeka betri, akawasha. Hakukuwa na mtu hewani. Alitaja jina lake la hewani, akasubiri, akataja tena. Alikuwa karibu kuzima aliposikia kikohozi. Hakikuwa cha mgonjwa. Kilikuwa kile cha mzee anayesafisha koo uani kwa watu, ili wenye nyumba wajue kwamba amefika. Papo hapo sebule ikajaa harufu ya maganda ya korosho yanayoungua, ile kali inayowasha macho.

Sheria aliijua. Asiyetaja jina lake la hewani hajibiwi. Mzee Abdulhamid alikuwa amemkaririsha hilo kuliko yote. Lakini Devota alilelewa kijijini Mpitimbi, na mtoto wa Mpitimbi akisikia kikohozi cha mzee, goti linapinda kabla akili haijauliza.

"Shikamoo, mzee," alisema.

"Marahaba, mwanangu," ikajibu sauti, nzito, ya taratibu. "Siku nyingi sijaamkiwa. Nina mikono michafu. Niwekee maji ya kunawa mlangoni."

Devota alitabasamu. Wazee na utani wao! Akazima, akaenda kuinjika ugali. Alipofika jikoni aliona mikono ya sweta lake imelowa hadi kwenye viwiko, na alipochungulia sebuleni beseni lilikuwa mlangoni, limejaa maji. Hakukumbuka kuliweka. Akalimwaga haraka.

Kesho yake sauti iliomba kiti. Safari hii redio ilikuwa imezimwa. Devota alikuwa anasahihisha madaftari, akasikia, "Mwanangu, nitasimama mpaka lini?" na mwili wake ukanyanyuka wenyewe, ukachukua kiti cha mbao, ukakiweka ukutani chini ya picha ya Bikira Maria, kisha ukarudi kukaa, naye yumo ndani yake anatazama, hawezi hata kujizuia kidole. Alipopata nguvu aliichomoa betri, akaifungia kabatini. Jioni akamwona Getruda akipita mbele ya kile kiti ameinama, mkono mmoja chini, kama watoto wanavyopita mbele ya wakubwa.

"Getruda, unafanya nini?"

"Nampisha babu, mama."

"Babu gani?"

Mtoto alimwangalia kwa kumshangaa. "Si huyo uliyemwekea kiti."

Devota hakulala vizuri, na mchana uliofuata, ukungu ukiwa umeziba madirisha utadhani kumefungwa mashuka meupe, harufu ya maganda ikarudi na kuingia kwenye nguo, kwenye unga, kwenye nywele za mtoto, na kutoka kwenye kiti kitupu, mbali kabisa na kabati ilimokuwa redio isiyo na betri, ile sauti ikasema bila haraka, kwa upole wa mtu anayejua hatakataliwa, kwamba nyumba hii ina baridi, kwamba mzee hajichukulii moto mwenyewe wakati watoto wapo, na kwamba jioni atamtuma huyo mdogo aende naye mahali wakalete. Devota alijua mtoto yule akiondoka hatamwona tena. Alijikokota hadi uani, akampigia simu mzee Abdulhamid, akinong'ona huku ameziba mdomo kwa kanga.

Mzee alifika amelowa umande, kofia mkononi. Alisimama mlangoni, akanusa, akasema, "A'udhu billahi." Hakukitazama kiti.

"Ulimjibu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nilimwamkia, mzee. Alikohoa, nikaona aibu kunyamaza."

"Akapokea?"

"Akasema marahaba."

"Subhanallah." Mzee alifumba macho. "Mama Getruda, jini akiwa mgeni anafukuzika. Huyu umeshamfanya mkubwa wako. Mkubwa anatuma, mdogo anakwenda, ndivyo tulivyolelewa, na yeye anaijua adabu yetu kuliko sisi. Nitasoma, na nikisoma atabanwa. Lakini ukubwa wa kumtuma uliutoa wewe kwa mdomo wako, na ni mdomo wako utakaomvua. Umtukane. Umkane kabisa, kama mtu asiye na wazazi. Mtoto yuko wapi?"

"Chumbani, amelala."

Mzee alisoma Ayatul Kursi, na kadiri alivyosoma kiti kikaanza kulia kwenye maungio yake, kama kinachobeba mtu mnene anayejigeuza, na picha ukutani ikatikisika, na harufu ikawa nzito hadi Devota akaona machozi yanamtoka bila kulia, na katikati ya kisomo ile sauti ikaita, kwa upole uleule, "Getruda," na kutoka chumbani, kabla mama hajafungua kinywa, kijisauti kidogo chenye usingizi kikaitikia kama kilivyofundishwa, "Abee, babu."

Devota alitaka kupiga kelele, lakini kilichomjia ulimini kilikuwa "Ndiyo, mzee." Aliyauma yale maneno. Alihisi goti linapinda, akalikaza kwa mikono yote miwili. Kumbe adabu ni kitu kizito hivi! Alimkumbuka mama yake, akamwomba msamaha moyoni, kisha akapasua koo.

"Wewe! Wewe nakwambia! Sikujui! Huna jina, huna ukoo, huna mtoto hapa! Marahaba yako irudishe ulikoitoa! Mtoto wangu hatumwi!"

Kiti kikaanguka. Kitu kizito kikapita kati yao, na nyumba ikanyamaza. Harufu ikapungua, ikaisha, na kwa mara ya kwanza tangu juzi Devota akasikia kuku wa jirani. Alikaa sakafuni akacheka na kulia kwa pamoja, bila aibu.

"Alhamdulillah," alisema mzee, akijifuta jasho. "Hiyo redio nipe, nitajua pa kuizika. Na kesho tunakwenda wote kwa Majaliwa."

"Hata nikikopa, mzee!"

Mlango wa chumba ukafunguka. Getruda akatoka pekupeku, mzima, hana hata mkwaruzo, na mama yake akamshukuru Mungu kwa sauti. Mtoto alipita katikati yao bila kuinama. Akakisimamisha kiti, akakaa, akaweka viganja juu ya magoti.

"Getruda, msalimie babu Abdulhamid," alisema Devota. "Mpe shikamoo."

Mtoto hakuinuka kitini. Alimtazama tu mzee, akisubiri. Mzee Abdulhamid alikuwa bado anatabasamu, mkono ameunyoosha, lakini tabasamu likaanza kumtoka usoni alipoikumbuka ile abee ya mtoto, ambayo hakuna aliyeikana. Magoti yake ya miaka sabini na kitu yakapinda, moja, halafu la pili, hadi akafika sakafuni, na midomo yake ikacheza kama ya mtu anayeizuia kwa nguvu zake zote.

"Shikamoo," alisema, machozi yakimtiririka.

"Marahaba, mwanangu," akajibu Getruda, kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, ya miaka mitano. Kisha akamgeukia mama yake, akasubiri.