Pango Kwenye Bango

Rangi ilikataa kukauka. Jua la Siakago hukausha kila kitu, lakini bango la Ndwiga lilibaki bichi, na ukiligusa, vidole vilirudi na chumvi.

Mwenye nyumba moja ya wageni alikuwa amemwagiza bango la utalii la mtindo wa kizamani: majabali meusi, mawimbi yakivunjika chini yake, mbingu ya rangi ya chungwa. Ndwiga alikuwa mchoraji wa vibao vya maduka. Bahari hakuwahi kuiona. Alinakili picha aliyotumiwa kwa simu, na pale alipoona doa jeusi kati ya majabali, akachora mdomo wa pango.

Nyumba ikaanza kunuka shombo la samaki. Mbuzi wakanusa maji ya pipa, wakarudi nyuma.

"Wamuyu, umeweka nini kwa haya maji?" alimuuliza mkewe.

"Mimi sijaweka kitu. Ni hiyo picha yako. Iko na kitu inapumua ndani."

Kesho yake adhuhuri alimkuta Wamuyu amesimama mbele ya bango, nywele zikichuruzika maji. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi. Aligeuka polepole, na yeye ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia pojo sokoni, akasema kwa lafudhi laini ya watu wa pwani:

"Karibu, bwana. Mbona watetemeka? Si wewe uliyenifungulia mlango?"

Ndwiga alikimbilia duka la Fadumo, jirani yake muuza vitambaa. Fadumo hakuuliza mengi. Alimwita Maalim Abdirahim, mjomba wake, aliyezoea kusomea watu wenye majini.

Walimkuta Wamuyu amelala kitandani, macho wazi. Maalim alilitazama bango, akarudi hatua.

"Umechora makao ya watu wasioonekana, ndugu yangu," alinong'ona. "Mlango ukauacha wazi. Chukua brashi, uzibe kwa mawe. Mimi nitasoma."

"Na bibi yangu?"

"Wewe chora!"

Ndwiga akachora, jiwe juu ya jiwe, Maalim akisoma nyuma yake kwa sauti iliyozidi kupanda, na upepo wa baridi ukatoka kwenye pango ukamrushia manyunyu usoni, na ngurumo ya mawimbi ikajaa chumba hadi mabati yakatetemeka, na kitu kama vidole kikamshika kifundo cha mkono kikimvuta ndani, naye akalia huku akipaka, akapaka huku akilia, hadi nafasi iliyobaki ikawa ya jiwe moja tu.

Kukawa kimya.

Kitandani Wamuyu aliketi, akapangusa uso. "Alhamdulillahi," Fadumo akapumua.

Ndipo ndani ya ile nafasi ya jiwe moja, mbali, kama mtu aliye chini ya kisima, ikatoka sauti ya mwanamke akilia kwa Kimbeere, lugha yao ya nyumbani:

"Ndwiga! Ndwiga, mbona unanifungia huku?"

Brashi ikamponyoka. Mwanamke aliyeketi kitandani akatabasamu.

"Usimsikilize, bwana," akasema kwa upole. "Malizia jiwe lako."