Matone Mekundu Chini ya Pikapu ya Mama

Nina miaka ishirini na sita, kijana wa kiume, mzaliwa wa Ujiji, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, na nina shahada ambayo mpaka leo haijanipatia kazi. Ninaandika haya nikiwa nyumbani kwa mama yangu. Dirishani naiona pikapu yetu kuukuu imeegeshwa ukutani. Haiendi mbele tena. Inarudi nyuma tu… Kila ninapoitazama natamani ardhi ipasuke inimeze.

Wasomaji wenzangu, sijui mtanichukulia vipi nikimaliza. Mimi mwenyewe bado sijajua nijichukulie vipi.

Tangu utotoni mimi ni mtu wa kuhoji. Madrasa niliuliza maswali mpaka ustadhi akanitoa nje nikakae na viatu vya wenzangu. Chuoni nilibishana na wahadhiri. Nilijisifu kwamba siamini kitu mpaka nimekipima. Kaka yangu Rashidi alikuwa akinitania kila nikirudi likizo, "Msomi, safari hii unamhoji nani?" Tulikuwa tunacheka sana. Rashidi ndiye aliyeacha shule baada ya kidato cha nne, Baba alipofariki, akashika usukani wa pikapu ili mimi niendelee kusoma. Hakuwahi kunisimanga kwa hilo hata mara moja.

Mama anauza mawese, mafuta mekundu ya michikichi. Anayafuata Simbo na vijiji vya jirani, mengine anayapeleka Mwandiga, na wateja wengine wanakuja kupimiwa nyumbani. Pikapu ndiyo miguu ya biashara. Ni ya zamani, ya petroli, yenye gia otomatiki, ile ambayo ukishaiweka kwenye D inabadilisha gia yenyewe.

Aliyekulia nyumba ya mawese anajua kwamba mafuta yale hayafungiki. Dumu likitikisika kidogo tu, kifuniko kinatoa machozi. Bodi la nyuma la pikapu yetu lilishageuka jekundu miaka mingi. Na kila gari ilipolala uani, asubuhi ulikuta matone mekundu chini yake. Mama alikuja na karai la mchanga, akayafukia, akafagia, ili wateja wasiteleze. Ilikuwa kazi ya kila siku, kama kuchemsha chai. Nani angeinama kuyatazama? Ungetazama nini wakati ni mawese?

Nilipomaliza chuo nikarudi kuishi nyumbani, Rashidi alikuwa kwenye furaha yake kubwa. Posa yake kwa Zuhura, binti wa Mwandiga, ilikuwa imekubaliwa. Jioni alikaa barazani anaongea naye kwenye simu kwa sauti ya chini, na Mama akipita anakohoa kwa makusudi. "Rashidi, mwache mtoto wa watu akapike!" Nyumba ilikuwa na raha.

Ndipo pikapu ikaanza kusumbua.

Rashidi ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema. Aliniambia kwamba ukiiweka D inakaa kwanza, kama inafikiri, halafu inashtuka ndiyo inaondoka. Na mlimani, ikiwa na mzigo, injini inalia kwa nguvu lakini mwendo hauji. "Dogo, inanguruma tu, haivuti. Na petroli inakunywa sasa hivi kama imelaaniwa. Hebu njoo tupande wote uisikie."

Je, nilipanda? Hapana… Nilimwambia aniachie gari nipime kwanza.

Nikafungua boneti. Nilitazama video, nikasoma huku na kule. Nikatoa plagi nikazisafisha, nikabadilisha chujio la hewa na chujio la petroli. Oili ya injini ilikuwa safi, kiwango sawa. Injini ilitulia vizuri kabisa, haikukohoa wala kutoa moshi. Kuna stiki nyingine ya kupimia, nyuma ya injini, ya oili ya gia boksi. Hiyo nayo niliichomoa. Nilizima gari, nikaifuta, nikarudisha, nikachomoa. Imejaa!

Kumbukeni hapo nilipozima gari. Nitaparudia.

Kwa hiyo akilini mwangu injini ilikuwa nzima na gia boksi ilikuwa nzima. Basi petroli inakwenda wapi? Kilikuwa kimebaki kitu kimoja ambacho sijakipima, nacho ni dereva. Tena dereva anayetafuta mahari!

Nilianza kumchunguza ndugu yangu wa tumbo moja. Nilijaza petroli mwenyewe kabla hajaenda Simbo, nikasoma geji ya petroli aliporudi. Kila mara ilikuwa imeshuka kuliko inavyotakiwa. Alipoeleza tena kwamba gari haivuti, nilisikia mtu anayejitetea kabla hajaulizwa. Hivi mtu mwaminifu anajitetea hivyo? Ndivyo nilivyojiuliza. Swali zuri sana, nikaona…

Nilimtuhumu siku moja mchana, wateja wamejaa uani na vidumu vyao. Rashidi alikuwa ndiyo kwanza ameshuka, anajifuta jasho. Nikamwuliza mbele ya Mama petroli anamuuzia nani.

Alidhani natania. "Namuuzia mama yako," akasema, na watu wakacheka.

Sikucheka. Nikamwaga ushahidi wangu wote, geji, umbali wa Simbo, uzima wa injini. Nikasema kwa sauti, "Mahari ya mtu haitakiwi kutoka kwenye tangi la mama yetu!"

Miongoni mwa wateja alikuwepo shangazi yake Zuhura, ameshika kidumu chake cha njano. Nilimwona, wasomaji. Msidhani sikumwona. Nilimwona na sikushusha sauti.

Rashidi akamgeukia Mama. "Mama, na wewe unaamini?"

Mama alitazama chini… Mimi ndiye mwenye shahada, nimeongea kwa hesabu, yeye angesema nini? Rashidi akaweka funguo juu ya dumu, taratibu, kama mtu anayeogopa kuvunja yai. Akaingia ndani, akatoka na begi. Kesho yake tulisikia amepanda boti Kibirizi kwenda Mwamgongo, kwa mjomba wetu anayevua dagaa.

Haikupita muda, wazee wa Mwandiga wakarudisha posa. Waliongea kwa adabu sana. Walisema binti bado mdogo. Zuhura hakuwa mdogo! Kila mtu alijua nini kimesemwa, na nani amesema.

Funguo zikawa zangu.

Wiki ile ile nikapakia madumu kwenda Mwandiga. Niliiweka D. Gari ikakaa, kama inafikiri. Halafu ikashtuka ndiyo ikaondoka. Mlimani injini ikalia mpaka waenda kwa miguu wakageuka, na mwendo haukuja. Mwendesha baiskeli mwenye mkungu wa ndizi alinipita akanipungia mkono. "Broo, shuka tukusukume!" Nilifika nimelowa jasho. Nikatazama geji.

Petroli ilikuwa imeshuka vilevile.

Nilikuwa nimeijaza mwenyewe, nimeiendesha mwenyewe, funguo zililala chini ya mto wangu. Mwizi alikuwa nani sasa?

Mnadhani nilikwenda kwa Mama siku ile nikamwambia? Laiti! Nilijitafutia sababu. Nikawaza labda kuna petroli iliyochakachuliwa. Nikawaza labda Rashidi aliharibu kitu kabla ya kuondoka ili anikomoe. Naona aibu kuandika hili, ila nilifikia hata kuwaza labda ana ufunguo wa pili, anakuja kwa boti kuiba! Kila kitu nilikihoji isipokuwa neno langu mwenyewe. Na ili kuthibitisha kwamba gari ni nzima, niliendelea kuipakia mzigo kamili, nikaikanyaga.

Kisha ikaja asubuhi moja ya kiangazi, ile baridi inayotoka ziwani inakufanya uvute shuka. Nilikuwa napiga mswaki uani. Mama akatoka na karai lake la mchanga. Kwa baridi kama ile mawese huganda. Hata ndani ya chupa yanakuwa mazito, ya rangi ya chungwa, unayachota kwa kijiko. Hilo nalijua tangu sijajua kusoma.

Matone ya nyuma, chini ya bodi, yalikuwa yameganda. Matone ya mbele, karibu na magurudumu ya mbele, yalikuwa majimaji. Yanang'aa.

Nikamwambia Mama asimwage mchanga. Nikainama, nikagusa, nikanusa. Haikuwa mawese… Oili ya gia boksi otomatiki nayo ni nyekundu! Nililala chini ya gari nikiwa na povu la dawa ya meno mdomoni. Bomba jembamba linalotoka kwenye gia boksi kwenda kupoozwa kwenye rejeta lilikuwa limesuguana na chuma mpaka limetoboka. Lilikuwa likidondosha kila siku, miezi yote ile, na Mama akifukia kila asubuhi.

Ndipo nikatafuta upya namna ya kupima. Gari kama ile hupimwa ikiwa imepata moto na injini inanguruma. Ukiizima, oili inarudi chini na stiki inakudanganya kwamba imejaa. Nikaiwasha, nikasubiri ipate moto, nikachomoa stiki. Kavu! Ncha tu ilikuwa na kitu cheusi, kinanuka kuungua. Bila oili ya kutosha gia zilikuwa zinateleza, injini inazunguka bure, petroli inaungua bure. Kila neno alilosema Rashidi lilikuwa kweli, kwa mpangilio ule ule aliousema.

Nilibadilisha bomba, nikaongeza oili. Kazi ndogo tu! Lakini nilikuwa nimechelewa. Nilikuwa nimeikanyaga ikiwa kavu, na ndani kulishaungua. Nikaweka D, ikalia, haikusogea. Nikaweka R, ikarudi nyuma mpaka ukutani. Pale ndipo ilipo hadi leo.

Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi, karai bado mapajani. Nilipomweleza, hakunigombeza. Alichota mchanga kidogo akauachia upite kati ya vidole. "Kumbe mimi nilikuwa nafukia ukweli wa mwanangu kila siku," akasema. Ningefurahi kama angenipiga kibao. Siku ile aliponitazama kusubiri niseme ni kosa langu, si lake, niliinama nikakusanya spana… Nilisema kesho yake.

Nikapanda boti kwenda Mwamgongo. Njia nzima nilijipangia maneno. Nilimkuta Rashidi ufukweni anageuza dagaa juani, amekuwa mweusi, amekonda kidogo. Vijana wenzake walikuwa wanataniana kwa Kiha na kucheka. Aliponiona hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Mama mzima?"

"Mzima, kaka."

"Gari je?"

Nikamweleza yote, bomba, stiki, matone yasiyoganda. Nilieleza vizuri, kama niko mbele ya darasa. Nikamwomba radhi. Nikamwambia sasa nina uhakika hakuiba.

Aliendelea kugeuza dagaa. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Lisingetoboka bomba, ungekuja?"

Wasomaji, mimi mtu wa maswali… Niliinama nami nikageuza dagaa. Jibu ni hapana. Nilikuwa nimekuja kwa sababu ya bomba. Miaka yote aliyonibeba mgongoni haikunitosha kuwa ushahidi, tone la oili ndilo lililonitosha.

"Kuna ugali mjomba ameacha," akasema. "Kula, boti ya kurudi isikuache."

Zuhura ameolewa na mtu mwingine. Mama sasa anakodi gari za watu, na faida inaishia huko. Niliandaa maneno ya kumsafisha Rashidi kwa wazee wa Mwandiga, nikaenda, wakanisikiliza, wakaninywesha chai. Walisema imeshapita. Shangazi mtu aliniambia mlangoni, "Ulisema kwa sauti kubwa, mwanangu. Sasa mbona unasahihisha kwa kunong'ona?"

Wewe unayesoma haya, na hasa wewe kijana mwenzangu uliyetoka chuo ukiamini akili yako ni mizani, nakusihi. Hoji, wala usiache kuhoji. Lakini mtu wa nyumbani kwako akikwambia gari haivuti, panda naye, uisikie, kabla hujamfungulia kesi moyoni. Na ukishapata jibu linalokupendeza, hilo ndilo la kwanza kulitilia shaka. Usimtaje ndugu yako mbele za watu kwa kitu ambacho hujainama kukitazama. Aibu yake haifukiki kwa mchanga.

Rashidi hupiga simu kila Ijumaa baada ya swala. Mara nyingi simu iko karibu yangu, mimi ndiye ninayepokea. Namwamkia, "Shikamoo, kaka." Anaitikia, "Marahaba." Hajawahi kuacha kuitikia. Halafu anasema, "Mpe Mama."

Nampa Mama.